Urithi wa Lamu hauishii Mkomani

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii niwafikishie viongozi wa Kaunti ya Lamu, pamoja na wenzangu tunaoishi visiwani, jambo linalonikera kila yanapozungumzwa majengo ya kale ya kaunti yetu. Mazungumzo hayo huanzia mji wa Lamu, katika mitaa yake ya kale kama Mkomani, na kuishia papo hapo. Mji huo unastahili heshima uliyopewa na UNESCO mwaka wa 2001 ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na sisi sote tunajivunia. Lakini eneo linalohifadhiwa kwa jina hilo halizidi hekta 16, ilhali historia ya kaunti hii imetapakaa kutoka Witu kule bara hadi Kizingitini kisiwani Pate, na sehemu yake kubwa inabomoka bila hata kuorodheshwa.

Chukua kisiwa cha Pate peke yake. Kule Shanga, uchimbaji ulioongozwa na mwanaakiolojia Mark Horton katika miaka ya 1980 ulifukua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine mahali pale pale, na ule wa chini kabisa ulikuwa wa miti, wa karne ya 8. Matokeo hayo yaliwapa nguvu wanahistoria waliokuwa wakisema kwamba miji ya Waswahili ilikua kutoka kwa wenyeji wa pwani hii, wala haikuletwa na wageni ikiwa tayari imekamilika. Faza nako kuliteketezwa na Wareno mwaka wa 1587, wakakata na minazi, kwa sababu wakazi wake walikuwa wamemuunga mkono Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki aliyepigana na Wareno hao. Mtoto wa shule ya msingi hapa kwetu anaweza kukutajia mwaka aliofika Vasco da Gama Malindi, lakini hajawahi kupelekwa Shanga, ambako angefika kwa miguu kutoka Siyu.

Siyu yenyewe ina ngome ya karne ya 19 ambayo imekarabatiwa na inatunzwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na kwa hilo nawashukuru kwa dhati. Hata hivyo, ngome si mji. Siyu ilikuwa makao ya wanazuoni, wanakili wa misahafu, mafundi wa ngozi na wachonga milango, na ndio mji wa Bwana Mataka, mume wa mshairi Mwana Kupona binti Msham, ambaye watu wake waliyarudisha nyuma majeshi ya Sayyid Said katika miaka ya 1840, hata Siyu isishikwe na Zanzibar mpaka 1863, enzi ya Sayyid Majid. Watu hao hawakuishi ndani ya ngome. Waliishi katika nyumba za mawe ambazo leo zimebaki kuta mbili tatu katikati ya vichaka, na kuta hizo hazina mlinzi.

Nimeshuhudia ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, ukivunjwa kwa nyundo ili mawe yake yatumike kwenye msingi wa nyumba ya matofali ya saruji. Zidaka hizo zilikuwa zimepangwa safu kwa safu, kila kimoja na upinde wake, na plasta yake ya chokaa ilikuwa laini hata ukipitisha kiganja huhisi kokoto. Kazi iliyomchukua fundi miezi ikaisha kabla ya adhuhuri. Mwenye nyumba simlaumu, kwa kuwa alikuwa na familia ya kuipatia makao, mawe yalikuwa yake, na hakuna afisa yeyote aliyewahi kumwambia kwamba ukuta ule una thamani nyingine zaidi ya uzito wake. Vivyo hivyo siwalaumu wakulima wa mji wa Pate wanaolima tumbaku ndani ya magofu ya mji wa Wanabahani, ukoo wa masultani wa Pate, maana ndiyo riziki yao, na wameilima hapo kwa muda mrefu kabla ya neno uhifadhi kutamkwa kisiwani.

Uharibifu mwingine hufanywa kwa nia njema kabisa, nao unaniumiza zaidi. Msikiti wa zamani unapoanza kuvuja, waumini huchangishana fedha, wakanunua saruji na kuupaka ukuta wote ndani na nje. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hupumua: huvuta unyevu na kuutoa. Ukishazibwa kwa saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani, plasta huanza kubanduka vipande vipande, na boriti huoza kwenye ncha zilizoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki, mpaka siku dari inapoinama. Boriti za mikoko hazibebi vyema upana unaozidi mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya nyumba zetu za kale ni virefu na vyembamba. Vipimo vyote vya nyumba vilifuata mti huo. Kwa hiyo fundi anayeingia humo na nondo na zege haongezi nguvu, bali anavuruga jengo lililokuwa limesimama kwa mizani yake lenyewe. Wazee wanaojua kuchoma matumbawe kwa magogo, kuipoza chokaa na kuiacha ikae mpaka iwe tayari, wanazidi kupungua, na vijana hawaoni sababu ya kujifunza kazi ambayo hakuna mtu anayewapa.

Mbona basi mji wa Lamu ukanusurika? Haikuwa bahati. Katika miaka ya 1970 nyumba zake zilichunguzwa na kuorodheshwa, msanifu majengo Usam Ghaidan akiwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo. Mwaka wa 1986 mji mkongwe ukatangazwa na serikali kuwa eneo la kuhifadhiwa. Na UNESCO ikaja miaka 15 baadaye. Orodha ndiyo iliyotangulia. Huku visiwani na kule bara hatujafika hata hatua hiyo ya kwanza, nasi tunashangaa kwa nini sheria haitulindi. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 hulinda kile kilichotangazwa katika gazeti rasmi la serikali, na huwezi kutangaza nyumba ambayo hakuna aliyeipima wala kuipiga picha.

Najua jibu litakalotolewa, kwamba hiyo ni kazi ya Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa serikali ya kitaifa majengo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa, hilo ni kweli. Lakini Jedwali hilo hilo limezikabidhi kaunti makavazi, shughuli za utamaduni, upangaji wa maendeleo ya kaunti na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa mamlaka hayo kaunti inaweza kuajiri vijana wachache waliosomea upimaji na usanifu, wapite Pate, Siyu, Faza, Tchundwa na Kizingitini wakiandika kila msikiti, kaburi na nyumba ya mawe iliyobaki, pamoja na jina la mwenye mali na ridhaa yake. Inaweza pia kuuingiza uashi wa chokaa katika mafunzo ya vyuo vyake, na kuwalipa wazee wenye ujuzi huo wawe walimu. Mwenye nyumba naye asaidiwe boriti na chokaa anapokarabati, la sivyo tutakuwa tunamtwika mzigo wa urithi wetu sote peke yake.

Kuna la wazee pia, kwa sababu majengo bila masimulizi hubaki mawe. Witu, mji ambao Ahmed Simba wa ukoo wa Nabahani aliufanya makao yake baada ya kuondoka Pate, ulichomwa na Waingereza Oktoba 1890, na inaelezwa kwamba maandishi ya historia ya Pate yaliangamia humo. Sehemu kubwa ya tunayoyajua leo kuhusu masultani wa Pate iliokolewa kwa kuwa alikuwapo mzee aliyeyahifadhi kichwani, Muhammad bin Fumo Omar al-Nabhani, aliyejulikana kama Bwana Kitini, na wakapatikana watu wa kumsikiliza na kuandika. Wazee wa Siyu na Pate wanaojua ni ukoo gani uliishi katika gofu gani wapo bado, na simu iliyo mfukoni mwa kila kijana inatosha kuwarekodi.

Mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano unaotumika sasa unafikia kikomo mwaka wa 2027. Nawaomba wawakilishi wetu wa wadi wahakikishe orodha hii ya majengo imeingizwa katika mpango utakaofuata, ikiwa na fungu lake la fedha, na kwamba vikao vya kukusanya maoni vinafanyika pia Faza, Siyu na Pate, kwa saa ambazo maji ya mkondo wa Mkanda yanaruhusu mashua kupita, ili wanaoishi kati ya magofu haya wawepo na wasikilizwe.

Mwalimu mstaafu,
Faza, Kaunti ya Lamu