Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Kudhibiti Upotevu wa Maji kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Wakufunzi wetu,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu na kuacha shughuli zako nyingi ili uwe nasi. Sisi tunaohitimu leo ni mafundi bomba, wasoma mita na watunza ramani za mtandao. Kazi tunayokwenda kuifanya ni kuzuia maji yaliyokwisha kusafishwa na kusukumwa kwa gharama kubwa yasipotelee ardhini kabla ya kumfikia mtumiaji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, bomba kuu likipasuka barabarani kila mtu huona. Simu hupigwa, picha husambaa, mafundi hufika mbio. Bomba hilo likimwaga mita za ujazo 30 kwa saa na kufungwa baada ya siku moja, zimepotea mita za ujazo 720. Lakini kiungio kilicholegea chini ya njia ya waenda kwa miguu, kinachovuja mita moja tu ya ujazo kwa saa, kisipogunduliwa kwa mwaka mzima hupoteza mita za ujazo 8,760. Ni zaidi ya mara 12 ya lile bomba lililozua taharuki, na hakuna aliyelalamika. Kinachotugharimu zaidi, basi, ni muda ambao tundu linaachwa likivuja.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya mafunzo yetu ilifanyika usiku. Kati ya saa nane na saa kumi usiku watu wengi wamelala, koki zimefungwa, na maji yanayoingia mtaani yanapaswa kuwa kidogo sana. Mtandao ukigawanywa katika kanda, kila kanda ikiwa na mita yake ya kuingilia, saa hizo ndizo za kuujua ukweli: mita ikiendelea kukimbia, maji yanakwenda mahali. Hapo tunafunga valvu moja baada ya nyingine, huku mwenzetu akiitazama mita aone ni kwa valvu ipi itapunguza mwendo. Kisha mmoja wetu anainama, anaigusisha fimbo ya kusikilizia kwenye valvu, anaweka sikio upande wa pili na kuzuia pumzi. Mvujo una sauti yake, mvumo mwembamba usiokatika, unaozidi kadiri unavyousogelea. Gari likipita, unaanza upya. Ni kazi ya subira, na tumeipenda.

Tumejifunza pia kuuheshimu msukumo wa maji. Matumizi yakishuka usiku, msukumo hupanda. Kila tundu hutoa maji zaidi na mabomba dhaifu hupasuka. Valvu za kupunguza msukumo hulipunguza tatizo hilo bila kufukua mtaa mzima. Huko Khayelitsha, Cape Town, mradi wa namna hiyo ulioanza kazi mwaka 2001 uliokoa karibu mita za ujazo milioni 9 kwa mwaka, na maji mengi yaliyokuwa yakipotea yalivujia kwenye vifaa vibovu vya ndani ya nyumba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kuhusu mgao wa maji tunaomba kusema wazi. Kufunga na kufungua maji kila mara huyatesa mabomba: yanapojazwa upya, hewa na mshtuko wa maji huachanisha viungio. Tena bomba likiwa tupu, maji machafu yaliyo ardhini huingia kupitia matundu yale yale tuliyochelewa kuyaziba. Hapo uvujaji umekwisha kuwa jambo la afya ya watu.

Tunajua inawezekana. Mwaka 1993 mji wa Phnom Penh, Kambodia, ulikuwa ukipoteza takriban asilimia 72 ya maji yake. Chini ya uongozi wa Ek Sonn Chan, mkuu wa mamlaka ya maji ya mji huo, mabomba chakavu yalibadilishwa, wateja wakafungiwa mita, wakubwa waliozoea kutolipa wakalipishwa, na vikosi vya matengenezo vikawa tayari usiku na mchana. Kufikia mwaka 2008 upotevu ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 6. Tumeutaja mji huo mbele yako kwa makusudi, kwa sababu mafundi peke yao wasingefika huko. Wenye maamuzi walisimama nao.

Kwa hiyo tunaleta maombi. Mvujo tunaoupata usiku huu unaweza kusubiri wiki kadhaa kwa kukosa kibano cha kuzibia bomba cha kipimo chake, au kwa kungoja kibali cha kukata lami. Tunaomba ghala la matengenezo liwe na vibano na viungio vya vipimo vyote vilivyo ardhini, na kuwe na makubaliano ya kudumu na wasimamizi wa barabara ili kibali cha dharura kitoke siku hiyo hiyo. Tunaomba kanda zifungiwe mita, na vikosi vya usiku viwe na usafiri na ulinzi. Na kila unapoletewa andiko la kutafuta chanzo kipya cha maji, tunakuomba uulize kwanza: maji ya chanzo kilichopo yanaishia wapi?

Tunaomba kuwasilisha.