Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Kemia

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamoo daktari, na ahsante kwa kuacha foleni ya wagonjwa ukaja kwetu. Ukiona baadhi yetu tunacheka tumefumba midomo, si ukali. Ni maji ya huku Meru: yana floraidi nyingi, yametuachia meno ya kahawia. Ndiyo maana mwaka huu tulichagua florini, elementi iliyomo ndani ya floraidi.

Mheshimiwa, mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio, husikiliza ishara za hidrojeni, nayo imejaa mwilini kwa sababu mwili umejaa maji. Florini tuliyo nayo imekwama kwenye mifupa na meno, haichezi, hivyo mashine haiisikii, hata kwa sisi wa Meru. Kwa hiyo florini ikiingizwa kutoka nje husikika peke yake, kama jogoo wa alfajiri. Watafiti wa Nottingham, Uingereza, walipata picha za florini tangu 1977. Inataka koili yake tu, yaani antena ya kunasa ishara: kwenye sumaku yenye nguvu ya tesla 3, hidrojeni iko megahezi 128 hivi, florini 120.

Kilichotukosesha usingizi ni polima, yaani molekuli ndefu kama uzi, zinazotambua zilipofika. Pale mezani kuna uzi wenye shanga nyekundu. Shanga ndizo florini. Kwenye damu, yenye pH (kipimo cha asidi) ya 7.4, uzi umejikunja donge, shanga zimebanana, na ishara inazimika kabla mashine haijaidaka. Ukifika kwenye uvimbe wa saratani, ambako mara nyingi kuna asidi zaidi, amini (vikundi vyenye nitrojeni) za kwenye uzi hupokea protoni, hupata chaji chanya, husukumana, na donge linafumuka. Shanga zinacheza, ishara inasikika. (Donge letu lilifumuka lenyewe mara mbili jana, bila asidi yoyote.)

Polima hizi bado ziko maabara na kwa wanyama wa majaribio. Florini huhitajika nyingi ndipo picha ionekane, na ikishafanya kazi sharti itoke mwilini.

Mheshimiwa, klabu ina mita moja ya pH, na imekufa tangu muhula uliopita. Vipimo vya leo ni vya karatasi ya litmasi, ambayo haitofautishi 6.5 na 6.8. Tunaomba mita mbili. Pia tunaomba wanachama 12 waje kuiona mashine yenu. Mikanda na funguo tutaziacha kwenye basi.

Tunaomba kuwasilisha.