Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwanga na Ioni za Usiku wa Zuhura

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji, nawasilisha taarifa ya mwaka uliomalizika, ambao mkutano mkuu uliopita uliamua utengwe kwa jambo moja: mwanga hafifu wa angahewa ya juu ya Zuhura upande wa giza, pamoja na ioni, yaani atomi na molekuli zenye chaji ya umeme, zinazobaki huko. Masuala ya fedha na uanachama yamo katika taarifa za mweka hazina na katibu, nami sitayarudia.

Usiku wa Zuhura huchukua takriban siku 58 za Dunia, muda unaotosha kabisa elektroni kuungana tena na ioni na tabaka zima la ioni kutoweka. Halitoweki. Vipimo vya Pioneer Venus, chombo kilichofika huko mwaka 1978, vilionyesha kwamba ioni za oksijeni hutiririka kutoka upande wa mchana na kulilisha tabaka la usiku, ambalo kilele chake kiko karibu kilomita 140 juu ya uso wa sayari. Elektroni zenye nishati zinazoanguka kutoka juu nazo huchangia, hasa mtiririko huo unapopungua.

Mwanga pia una asili yake mchana. Miale ya Jua huivunja kaboni dioksidi, upepo huzipeleka atomi za oksijeni upande wa giza, nazo zikishuka huungana kuwa molekuli zinazotoa mwanga wa infraredi wa mikromita 1.27, kwenye kimo cha kilomita 96 hivi. Kundi la masomo lilikawia, na lilistahili kukawia, kwenye tofauti moja: mwanga huu kwa wastani hukolea karibu na saa sita usiku ya huko, ilhali ule wa urujuanimno wa nitriki oksidi, ulio juu zaidi, hukolea kuelekea saa nane. Upepo wa vimo hivyo viwili, basi, haufanani.

Mjadala mkali zaidi ulihusu mstari wa kijani wa oksijeni, yaani mwanga wa rangi moja mahususi unaotolewa na atomi zake, wa nanomita 557.7. Vyombo vya Kisovieti Venera 9 na 10 havikuuona mwaka 1975. Darubini ya Keck, Hawaii, iliuona waziwazi mwaka 1999. Tangu hapo umekuwa ukififia na kurudi. Kwa kuwa umejitokeza baada ya dhoruba za Jua, mimi naegemea upande wa wanaouhusisha na elektroni zinazoanguka, ingawa nakiri kwamba wenzetu wanaotetea muungano wa atomi walijenga hoja yao kwa umakini. Kamati inapendekeza vikao vya mwaka ujao vichunguze mstari huo pekee, sambamba na hali ya tabaka la ioni, na pendekezo hilo litapigiwa kura katika ajenda inayofuata.