Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Watengenezaji wa Mavazi ya Kosplei

Ndugu wanachama na wajumbe wa kamati,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, chama cha sisi tunaotengeneza na kuvaa mavazi ya kuigiza wahusika wa hadithi, filamu na michezo, mwenyekiti hutakiwa kuwasilisha mbele ya mkutano mkuu taarifa ya mwaka unaomalizika, nami kwa heshima ninaiwasilisha. Nitazipitia kwa haraka shughuli za kawaida, kwa kuwa walio wengi kati yenu mlishiriki au mliziona picha zake, ili nibakiwe na nafasi ya kulieleza jambo moja ambalo mwaka huu limesemwa sana pembeni na kujadiliwa kidogo sana vikaoni.

Mafunzo yalifanyika kama yalivyopangwa. Tulijifunza kupata pateni, yaani kiolezo cha kukatia, kwa kuuzungushia mwili nailoni nyembamba na utepe wa gundi kisha kuchora mistari juu yake, kukata sponji ya EVA (plastiki laini na nyepesi) kwa pembe ili viungo vikutane bila pengo, kushona bitana, kupanga wigi, na kuipaka sponji rangi mpaka ionekane kuwa chuma kilicholiwa na kutu. Chama kilishiriki maonyesho mawili, la katikati ya mwaka na la mwisho wa mwaka. Hifadhi yetu ya pateni imekua, cherehani imefanyiwa matengenezo, na mkasi wa kitambaa, ambao niliubandikia kwa mkono wangu karatasi ya kukataza kukatia kadibodi, umekatia kadibodi na sasa haukati kitu. Kuhusu shughuli za kawaida, hayo yanatosha.

Sasa niingie katika jambo lenyewe. Kamati, katika kikao halali kilichotimiza akidi, iliamua kwamba vazi lolote litakalopanda jukwaani kwa jina la chama lifikishwe likiwa limekamilika siku 7 kabla ya onyesho, livaliwe mbele ya wakaguzi wawili, na mvaaji aketi, ainame, apande ngazi, apite mlangoni na anywe maji akiwa ndani yake. Vazi lisilokamilika lisingekwenda. Katika onyesho la mwisho wa mwaka mavazi 6 yalizuiwa kwa kanuni hiyo, likiwemo la mwanachama mmoja mwandamizi ambaye simtaji jina, ingawa yeye amenitaja langu mara nyingi. Tangu siku hiyo imesemwa, pembeni na katika barua ya malalamiko, kwamba kamati imeigeuza burudani kuwa ofisi, kwamba mwenyekiti anawaonea wivu wenye vipaji, na kwamba kosplei bila zimamoto, yaani kukimbizana kumaliza vazi usiku wa mwisho, si kosplei. Ninaomba nijibu kwa utulivu.

Walioshangazwa na uamuzi huu nadhani hawakuwa nyuma ya jukwaa katika onyesho la katikati ya mwaka. Mimi nilikuwepo, tena tangu asubuhi. Mwenzetu mmoja alivaa deraya kamili ambayo kifua chake kilikuwa kimepulizwa rangi usiku wa kuamkia siku hiyo, na alipomkumbatia mwenzake kwa ajili ya picha, nusu ya rangi ya fedha ilihamia kwenye joho jeupe lililoshonwa kwa wiki nyingi. Mwingine hakuwahi kuweka zipu, hivyo rafiki zake walimshona mgongoni akiwa ndani ya vazi, kwa sindano ya mkono na uzi mnene, wakacheka, wakampeleka jukwaani. Baada ya saa mbili joto lilimzidi. Hapakuwa na kifungo cha kufungua wala mahali pa kuingiza mkono. Ilibidi apigishwe magoti ukutani, kola ivutwe kutoka shingoni, na mshono ufumuliwe uzi mmoja mmoja kwa kisu cha kukatia sponji, huku ncha ya kisu ikipita karibu kabisa na ngozi ya shingo. Aliyeshika kisu hicho ni mimi. Sikuisema habari hii wakati ule kwa sababu sikutaka sifa, ila leo inabidi isemwe, kwa kuwa kikao kilichopitisha kanuni ya siku 7 kiliitishwa wiki iliyofuata kwa sababu hiyo hasa.

Tena muda wa kukauka haukutungwa na kamati. Gundi ya mpira, ile inayotumiwa na mafundi viatu, hupakwa pande zote mbili, ikaachwa dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, ndipo pande zikakutanishwa. Anayezikutanisha zikiwa mbichi hukifungia kiyeyushi ndani, na kiungo hufumuka mara tu kinapovutwa. Rangi ya kupuliza huweza kukauka juujuu ndani ya nusu saa, lakini kukomaa kwake huchukua siku kadhaa, na ukiipitishia vanishi kabla ya hapo uso wote huweza kujikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Kofia ya mtu mzima inayochapwa kwa tabaka za milimita 0.2 huweza kuishughulisha printa ya 3D, mashine inayojenga vitu kwa plastiki tabaka juu ya tabaka, kwa zaidi ya saa 24, na uzi wa plastiki ukikwama saa ya 20, mara nyingi kazi huanza upya. Plastiki ya PLA, inayotumiwa sana na printa hizo, nayo huanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi za selsiasi, kwa hiyo kofia iliyotoka kwenye printa alfajiri na kuachwa ndani ya gari lililofungwa juani huweza kufika ukumbini ikiwa na umbo jingine. Silikoni inayokomazwa kwa platinamu hugoma kukomaa ikikutana na salfa, na glavu za mpira wa asili zinatosha kuiharibu. Anayeyagundua haya wiki tatu kabla ya onyesho amejifunza kitu. Anayeyagundua saa nane usiku wa mwisho atatafuta mtu wa kumlaumu, na kwa kawaida mtu huyo huwa mwenyekiti.

Kuna pia suala la pumzi zetu. Zimamoto ya usiku hufanyika madirisha yakiwa yamefungwa, watu wanne wakipaka gundi katika chumba kimoja, na mashine ya hewa moto ya kulainishia sponji ikiunguruma kando ya kopo lililo wazi, ilhali mvuke wa gundi hiyo unashika moto. Barakoa ya vumbi ambayo wengi wenu huivaa kwa kujiamini huzuia vumbi la msasa tu. Mvuke wa viyeyushi huzuiwa na barakoa yenye vichujio vilivyotengenezwa kwa ajili ya mvuke wa kemikali. Nimelirudia jambo hili katika kila mafunzo, na kila mara nimeona nyuso zikigeukia simu.

Imedaiwa kwamba kanuni hii inawaumiza wenye ajira, watoto au masomo, na hoja hii naiheshimu kuliko nyingine zote. Hata hivyo, ni kwa ajili ya wanachama hao hao nilipobuni ratiba ya kuhesabu kurudi nyuma, ambayo wapo waliodhani ilitoka kwa katibu. Mtu huanza na tarehe ya onyesho, anatoa siku 7 za ukaguzi na marekebisho, anatoa siku za rangi kukomaa, anatoa siku za kushona na kubandika, na kinachobaki ndicho kinachomwambia ukubwa wa vazi analoweza kulitengeneza. Mwenye jioni mbili tu kwa wiki asianze na deraya ya mwili mzima yenye mabawa. Atengeneze mabega na mikono kwa sponji ya milimita 5, kifua kwa ile ya milimita 10 na nakshi kwa ile ya milimita 2, na sehemu nyingine aifunike kwa kitambaa kilichoshonwa vizuri. Jukwaani hakuna atakayeuliza kwa nini miguu haina chuma, lakini kila mtu ataona bega lililoning'inia kwa gundi ya moto.

Mwanachama mwandamizi niliyemgusia amesema kwamba kwa miaka yote mavazi yake yamekamilika usiku wa mwisho na hayajawahi kumwangusha. Ni kweli kwamba hayajamwangusha. Katibu na mimi tumezipitia picha za maandalizi ya miaka hiyo, na katika kila usiku wa mwisho wanaonekana watu watatu au wanne wakimkatia, wakimbandikia na kumpakia rangi, huku mavazi yao wenyewe yakisubiri mezani. Mmoja wao alipanda jukwaani na upanga usiopakwa rangi. Wengine hawakupanda kabisa. Kanuni ya siku 7 imewarudishia watu hao usiku wao, na si ajabu kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyetia saini barua ya malalamiko.

Nitoke kidogo nje ya mada, kwa sababu jambo hili lina historia. Katika kongamano la kwanza la dunia la hadithi za kisayansi, lililofanyika New York mwaka 1939, Forrest J. Ackerman alihudhuria akiwa amevaa vazi la mtu wa zama zijazo, na habari hiyo hutajwa kila panapoelezwa mwanzo wa hobi hii. Aliyeyabuni na kuyashona mavazi hayo, la Ackerman na la kwake mwenyewe, ni Myrtle R. Douglas, aliyejulikana kwa jina la Morojo, na jina lake halitajwi mara nyingi kiasi hicho. Ndiyo maana niliagiza kadi ya kila vazi iandikwe jina la mvaaji pamoja na majina ya wote waliolishughulikia. Agizo hilo nalo limelalamikiwa, na ninyi mtajua na nani.

Dai la kwamba wakaguzi ni rafiki zangu halina msingi. Daftari la ukaguzi liko hapa mezani na kila mwanachama ana haki ya kulisoma. Litaonyesha kwamba upanga wangu mwenyewe ulirudishwa kwa sababu ncha yake haikuwa laini vya kutosha kwa usalama wa watu, nami niliikata, nikaweka sponji mpya na kuurejesha siku ile ile bila kuandika barua kwa mtu yeyote.

Nahamia kwenye mahudhurio, jambo linalonisikitisha kuliko barua zote. Daftari lina wanachama 64. Vikao vya kawaida vilihudhuriwa na watu kati ya 9 na 14, wajumbe wa kamati wakiwemo. Mafunzo ya bitana yalihudhuriwa na 7. Ilhali wiki ya mwisho kabla ya onyesho walijitokeza 41, wakiwemo watu ambao ilibidi katibu awaulize majina. Fundi wa kujitolea aliyekuja kutufundisha kalibu za silikoni aliwakuta watu 5, na kwa adabu yake akafundisha saa nzima kana kwamba ukumbi umejaa. Sikuwa na uso wa kumwomba arudi.

Ada ni hivyo hivyo. Kati ya wanachama 64, waliolipa ada ya mwaka mzima ni 27, waliolipa nusu ni 11, na 26 hawajalipa chochote, ingawa kati ya hao 26 wamo watatu waliotia saini barua ya kudai kwamba chama kiwape nafasi jukwaani. Gundi, misasa, visu na vichujio vya barakoa havijinunui. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiziba pengo kwa mfuko wangu, na mhasibu anazo risiti. Sidai nirudishiwe, ila ninaomba ieleweke. Aidha, mashine moja ya hewa moto iliazimwa wakati wa maandalizi ya onyesho la mwisho na mpaka leo haijarejeshwa, wala aliyeiazima hakuandika jina lake kitabuni.

Kuhusu mwaka ujao, kamati inatarajia, panapo majaliwa, kupata chumba chenye madirisha ya kutosha na feni ya kutoa hewa, kuongeza printa nyingine endapo ada zitakusanywa, na kuwaunganisha wanachama wapya na wazoefu ili wasijifunze kila kitu kwa kuharibu. Yapo pia mawazo ya kupeleka kikundi katika mashindano makubwa zaidi. Mashindano ya dunia ya kosplei yaliyoanzishwa Nagoya, Japani, mwaka 2003 hukutanisha wawakilishi wa nchi nyingi, na sioni kwa nini siku moja tusijaribu njia ya kuelekea huko, ingawa ratiba yake haijaandaliwa na si vyema kuahidi.

Hoja ya kuifuta kanuni ya siku 7 imo katika ajenda kama namba nne, na katiba inawapa haki ya kupiga kura wale tu waliokamilisha ada. Mhasibu atakaa mlangoni wakati wa mapumziko kwa wanaotaka kulipa. Msimamo wangu haujabadilika: nitaheshimu matokeo ya kura, lakini kanuni ikifutwa, jina la mtu mwingine liandikwe kwenye fomu ya usalama ambayo waandaaji wa maonyesho hututaka tuijaze, kwa sababu kwa mwaka wote huu limekuwa langu.

Ninaomba mkutano uipokee taarifa hii, na yeyote aliye na mashine ya hewa moto ya chama aiache mezani kwa katibu kabla ya kuondoka. Hataulizwa neno.

Wenu katika utumishi,

Mwenyekiti