Kwa wanakikundi: kwa nini tunaanza na kongamano la kwetu

Ndugu wanakikundi, salaam.

Kwa kuwa baadhi yenu mlioko Iringa na Njombe mmeuliza kwa nini tusisubiri kongamano kubwa la wapenzi wa bunilizi za kisayansi (hadithi za kubuni zinazojengwa juu ya sayansi) liandaliwe Dar es Salaam, naomba nijibu kwa kueleza walivyofanya waliotutangulia.

Kongamano la kwanza la dunia la wapenzi wa bunilizi za kisayansi lilifanyika New York mwaka 1939, ingawa Waingereza walikuwa wamekwisha kukutana mjini Leeds mwaka 1937. Vita vikayasimamisha yale ya dunia kuanzia 1942 hadi 1945. Yaliporejea, wapenzi wengi wa magharibi ya Marekani hawakumudu nauli ya kwenda mashariki, ambako mara nyingi yalifanyika, hivyo mwaka 1948 wakaanzisha la kwao mjini Los Angeles, ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Westercon. Hilo la Los Angeles lilikuwa la siku moja tu, na kwa maoni yangu uamuzi huo ulikuwa wa busara kuliko kungoja fedha za ukumbi wa fahari.

Kwa sababu hiyo napendekeza nasi tukutane Mbeya kwa siku moja. Wa Njombe wataunganisha basi Makambako, ambako wa Iringa nao hupitia. Atakayeleta vitabu vya kuazimisha aandike jina lake ndani ya jalada.