Unga wa mwani hauifai kila tezi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nichangie makala mliyoichapa hivi karibuni kuhusu tiba ya Kichina na tiba asilia kwa wenye matatizo ya tezi ya shingo, yaani thairoidi. Mwandishi aliandika kwa heshima, na nia yake sina shaka nayo. Kilichonisumbua ni kwamba tangu mwanzo hadi mwisho alizungumzia "ugonjwa wa thairoidi" kana kwamba ni ugonjwa mmoja, ilhali tezi hiyo huugua kwa namna zinazopingana: ikitoa homoni kidogo, mtu husikia baridi, huchoka, hunenepa na mapigo ya moyo hupungua, ikizidisha, hukonda, hutokwa jasho, mikono humtetemeka na moyo humwenda mbio. Kinachomfaa mgonjwa wa kwanza chaweza kumlaza kitandani wa pili.

Mwani, uliosifiwa sana katika makala hiyo, ni mfano mzuri. Ge Hong, tabibu wa China wa karne ya 4, alikwisha kuandika juu ya kutibu rovu, yaani uvimbe wa tezi shingoni, kwa mwani, na katika karne ya 7 Sun Simiao akaeleza matumizi ya tezi za wanyama. Hawakujua iodini, yaani madini joto, ni nini, kwa kuwa iligunduliwa mwaka 1811 tu, tena kutoka katika majivu ya mwani huo huo, lakini macho yao hayakuwadanganya, maana rovu hutokea sana pale watu wanapokosa madini joto. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Uingereza alimdunga mgonjwa dondoo la tezi ya kondoo na mgonjwa akapata nafuu. Kidonge ninachomeza kila asubuhi ni kijukuu cha wazo hilo. Kwa hiyo simo miongoni mwa wanaoibeza tiba ya Kichina.

Lakini ugonjwa wangu ni ule alioueleza Hakaru Hashimoto mwaka 1912, ambao kinga ya mwili huishambulia tezi yenyewe, na tezi kama hiyo haina njaa ya madini joto. Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 150 za iodini kwa siku, na kijiko kimoja cha unga wa mwani chaweza kuwa na kiasi hicho mara nyingi. Tezi iliyojeruhiwa ikipewa kiasi kikubwa namna hiyo huweza kuzidi kuzorota, na ile yenye vinundu huweza kuanza kumwaga homoni ovyo.

Nayasema haya kwa kuwa yamenikuta. Miaka minne iliyopita muuzaji mmoja wa dawa alinipa chupa ya unga wa kijani uliofifia, wenye harufu ya ufuo maji yakishakupwa, akanishauri niache vidonge ili tezi "iamke yenyewe". Wiki mbili za kwanza nilijisikia vizuri hata nikawapigia ndugu zangu simu kuwapa habari njema. Sikujua kwamba levothairoksini, homoni ya tezi iliyomo katika vidonge hivyo, haitoki mwilini upesi: huchukua takriban siku 7 kupungua nusu, kisha siku 7 nyingine kupungua nusu ya iliyobaki. Nafuu niliyokuwa nikiupa sifa unga ilikuwa ya vidonge nilivyoviacha. Kufika mwezi wa tatu sauti ilikuwa inakwaruza, kope zinavimba kila asubuhi, pete imegoma kutoka kidoleni, na kipimo cha TSH, homoni ya ubongo inayoihimiza tezi kufanya kazi, kimepanda mno, ishara kwamba homoni za tezi zimepungua. Nashuku baadhi ya shuhuda mlizochapa zilitolewa katika wiki mbili kama zile.

Hata hivyo, nitakuwa mwongo nikisema hospitali ilinitosheleza. Daktari niliyekuwa nikimwona aliitazama karatasi ya majibu kuliko alivyonitazama mimi. Akishasema "TSH iko sawa", mazungumzo yamekwisha, ilhali usingizi sipati na uchovu haujaniacha. Mtaalamu wa tiba ya sindano ya Kichina niliyemwendea baadaye alinishika mshipa wa mkono, akautazama ulimi, akauliza ninavyolala, hedhi yangu na baridi ya miguu. Usingizi ulirudi, iwe kwa sindano au kwa kusikilizwa. Nilipomuuliza kuhusu vidonge, alikataa katakata kuvigusa, akaniambia hilo ni la daktari wangu. Na ndivyo ilivyo desturi ya tiba hiyo: dawa hupangwa kwa kumtazama mgonjwa mmoja mmoja, kwa hiyo anayeuza chupa moja kwa kila mwenye shingo haifuati hata hiyo tiba ya Kichina anayojinadi nayo.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba mtakaporudia mada hii mwandishi amuulize kila anayedai kupona jina kamili la ugonjwa wake, kama bado anatumia vidonge, na vipimo vyake vya kabla na baada, vya baada vikiwa vimechukuliwa wiki 6 hadi 8 tangu abadilishe dawa, kwa sababu TSH huchelewa kutulia. Amuulize pia kama anameza bayotini, aina ya vitamini, kwa ajili ya nywele na kucha, kwani huvuruga baadhi ya vipimo hivyo hata homoni zikaonekana zimezidi wakati hazijazidi.

Msomaji wako