Fedha za uti wa mgongo zianze na daftari

Bwana Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako ili tuseme na wabunge wa jimbo letu la Haut-Katanga, hapa Kongo, kabla hawajapitisha bajeti. Zikikosekana fedha za utafiti wa majeraha ya uti wa mgongo tutasikitika. Zikipatikana, halafu zikanunua mashine moja kubwa ya kufungiwa chumbani kwa kukosa fundi, tutasikitika zaidi. Sisi ni wauguzi na watu wa kineziterapia, yaani mazoezi ya viungo, na ombi letu ni kwamba faranga ya kwanza ilipie daftari la kuwaandika wagonjwa hawa wote kwa namna moja.

Wanaoumia hapa wanajulikana: mchimbaji wa mkono aliyefunikwa na udongo, dereva wa pikipiki aliyegongwa na kamyo kwenye barabara ya Kasumbalesa, kijana aliyeanguka mwembeni, aliyepigwa risasi, na yule ambaye hakuanguka popote bali kifua kikuu kimemla pingili za mgongo. Lakini kila hospitali inawaandika kivyake. Hapa ameandikwa "kupooza", pale "ajali", kwingine "mgongo". Huwezi kujumlisha vitu hivyo.

Tunataka karatasi moja inayofanana kila mahali. Iwe na saa ya kuumia na saa ya kufika hospitali. Iseme mtu alibebwaje: kwenye ubao, mgongoni, au ameketishwa kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, shingo ikining'inia. Kisha kije kipimo cha ASIA, cha kupima hisia na nguvu zilizobaki baada ya jeraha, ambacho hakihitaji hata umeme. Unatumia pamba na pini, pini mpya kwa kila mgonjwa. Unagusa ngozi mahali 28 kila upande, kuanzia kisogoni hadi pembeni mwa tundu la haja kubwa, na kila mahali panapewa 0, 1 au 2. Halafu unapima misuli 10 kila upande, kutoka 0 hadi 5. Mwisho unaandika herufi, A hadi E.

Herufi hiyo huharibikia mahali pamoja. Mpimaji anaona haya kuingiza kidole kwenye tundu la haja kubwa, anaruka hatua hiyo, anaandika A. Sasa A maana yake ni kwamba huko chini kabisa hakuna hisia wala nguvu yoyote. Ikiwapo hisia, hata ya kufifia, mgonjwa huyo si A, na nafasi yake ya kurudisha nguvu ni kubwa zaidi. Ukikosea hapo, kila utafiti utakaofuata utadanganya: mgonjwa "aliyeponywa na dawa" huenda hakuwa A tangu siku ya kwanza. Tena kipimo kirudiwe baada ya saa 72, maana mwanzoni ule ugwe wa fahamu upitao ndani ya pingili huwa umeshtuka, na unaweza kuonekana umekufa kumbe bado.

Kazi ngumu huanza mgonjwa akirudi nyumbani. Afuatwe baada ya wiki 6, miezi 3, 6, 12 na 24. Namba moja ya simu haitoshi, kwa kuwa laini hubadilika na simu huuzwa kununua dawa. Ziandikwe namba za watu watatu, na mmoja wao awe jirani au mtu wa kanisani. Asiyepatikana kwa simu afuatwe kwa pikipiki, maana ukiwahesabu wanaopatikana tu, utakuwa umewahesabu wenye nafuu.

Daftari likishasimama, yako maswali ambayo majibu yake hayatatoka Ulaya. Mtu asiyesikia kibofu chake hutakiwa kujitoa mkojo kwa sonda, yaani mrija mwembamba unaoingizwa kibofuni, kila baada ya saa 4 hadi 6, na mkojo wa mara moja usipite mililita 500. Kama kila sonda ni ya mara moja, hizo ni sonda 4 hadi 6 kwa siku, yaani 120 hadi 180 kwa mwezi. Nani huku mtaani Katuba atazinunua zote? Sonda moja huoshwa na kurudiwa, tena na tena. Basi serikali ifadhili swali hili: ikioshwa kwa sabuni na maji ya kisima cha mtaa wa Ruashi, ikakaushwa na kutunzwa mahali safi, itumike siku ngapi kabla homa za mkojo hazijaongezeka? Na ikichemshwa je? Sonda ya kukaa ndani wiki kwa wiki, ambayo wengi huangukia kwa uchovu, huzaa maambukizi na mawe ya kibofu, na figo huweza kufuata.

Swali jingine ni sponji ya kukalia. Kitandani mgonjwa hugeuzwa kila saa 2, na kwenye kiti cha magurudumu hujiinua au kuinamishwa kila dakika 15 hadi 30, lakini sponji iliyopondeka huharibu kazi hiyo yote. Ingiza mkono chini yake, usawa wa mfupa wa makalio. Ukiukuta mfupa umeshafika chini, sponji hiyo ni sawa na ubao. Maduka yetu yanauza sponji za aina nyingi. Ipi inadumu miezi sita chini ya mtu wa kilo 70? Hilo ni jaribio la bei ndogo, na linaokoa ngozi.

Kuna watakaosema tuna ndoto fupi. Mwaka 2018 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walitangaza watu watatu waliopiga hatua baada ya kuwekewa mgongoni elektrodi, yaani vipande vidogo vya kupitisha umeme. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini mwenye kidonda kilichofika mfupani na figo zilizochoka hatapokelewa katika jaribio kama hilo, hata tukimlipia ndege. Na nchi hii inajua faida ya kuhesabu. Konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu ambao daktari Trolli aliueleza huko Kwango mwaka 1938, si jeraha la uti wa mgongo, ila ulieleweka kwa kwenda vijijini kuuliza nani anaugua na amekula nini. Jibu likawa muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha.

Fedha zitoke wapi? Jimbo la New Jersey huko Marekani, tangu mwaka 1999, hukata dola moja kwenye faini za barabarani kwa ajili ya utafiti huu, na New York ilianzisha mfuko wa namna hiyo mwaka 1998. Hapa kwetu tusiige hilo haraka. Faini isiyo na risiti haikatwi kitu. Afadhali sehemu ndogo ya mrabaha wa madini, yaani malipo ya kampuni kwa madini wanayochimba, ambao sheria ya madini ya 2018 inalipa jimbo asilimia 25 yake: unapita benki, na migongo mingi inavunjikia machimboni. Amri ya kuuanzisha mfuko ikataze kuuchota kwa matumizi mengine. New York yenyewe, bajeti ilipobana, fedha hizo zilielekezwa kwingine kwa miaka kadhaa.

Daftari litunzwe na Shule ya Afya ya Jamii ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na majina ya wagonjwa yakae mbali na namba zao. Mfuko usilipie semina za hotelini. Ulipie karatasi, vocha za simu, mafuta ya pikipiki, sonda na sponji za majaribio, na mshahara wa mtunza daftari. Huyo akikaa miezi mitatu bila kulipwa, ataacha kuandika, na pengo la miezi mitatu haliwezi kujazwa kwa kukumbuka.

Wauguzi na wanakineziterapia,
Kampemba, Lubumbashi